Karatasi ya jeni si hukumu ya kifo: mgonjwa wa kansere ya damu ana haki ya kuelezwa



Kwenye ukurasa huu mmezoea kusoma juu ya maji, umeme, barabara na usalama. Leo tunasema juu ya karatasi. Ni karatasi ya labo, kurasa moja ao mbili, kwa Kifaransa ao kwa Kiingereza, imejaa herufi na namba: del(13q), del(17p), TP53, IGHV. Damu ya mgonjwa imevuka mpaka, pesa imelipwa kwa dola, na jibu limerudi kwa WhatsApp kwenye simu ya mtoto wake. Kutoka hapo karatasi inaanza kutembea: kwa shangazi, kwa mchungaji, kwa jirani aliyesoma uuguzi, kwa kundi la familia. Kila mmoja anaisoma kwa namna yake. Mwisho mtu mmoja anasema «muzee amebakisha miezi», na nyumba nzima inaanza kumlilia mtu ambaye bado anatembea, anakula, anaenda misa.

Tunaandika juu ya jambo hili kwa sababu familia zinauza parsele kulipa vipimo hivi, na zinapewa herufi bila maelezo. Hapo sisi tunaona swali la haki, sawa na maji na umeme.

Ugonjwa wenyewe ni lukemia sugu ya limfosite. Wanganga wetu, waliosoma kwa Kifaransa, wanaandika LLC. Ni kansere ya damu. Limfosite ni chembe nyeupe, askari wa mwili. Katika LLC aina moja ya askari hao, limfosite B, wanazaana bila mpango na wanakataa kufa wakati wao ukifika. Wanajaa kwenye damu, kwenye tezi za shingo na kwapa, kwenye bandama, ndani ya mifupa, na askari wazima wanakosa nafasi. Ndiyo maana mgonjwa anashikwa na homa na magonjwa ya mapafu kila mara. Inaitwa sugu juu mara nyingi inaenda polepole: kuna mtu anaishi nayo miaka 15 ao 20 na anakufa na kitu kingine kabisa. Kuna mwingine inamkimbiza. Kujua nani ni nani, hiyo ndiyo kazi ya zile herufi.

Angalisho moja, kisha tunaendelea. LLC si LMC. Ni herufi moja tu, lakini LMC ni kansere nyingine, lukemia sugu ya mieloidi. Ina jeni yake, BCR-ABL, na dawa yake, imatinibu, ambayo tangu mwanzo wa miaka ya 2000 kampuni Novartis na The Max Foundation wameifikisha bure kwa wagonjwa wa inchi nyingi maskini, Afrika ya Mashariki ikiwemo. Habari hizo nzuri zinatumwa kwenye makundi ya familia kumtuliza mgonjwa wa LLC. Imatinibu haitibu LLC. Soma herufi ya katikati mara mbili.

Sasa tuje kwenye neno lenye kudanganya kuliko yote. Familia moja ya Kadutu ilituonyesha karatasi iliyoandikwa «IGHV: non muté». Kijana wao aliisoma kwa sauti: «Non muté, basi jeni za baba ziko sawa, aksanti Mungu.» Ukiwa na Kifaransa cha shule, utasema vile vile. Mutasyo kwenye masikio yetu ni kitu kilichoharibika, na kama haipo, tunashukuru. Lakini kwa IGHV mambo yamepinduka.

IGHV ni sehemu ya jeni ambayo limfosite B inatumia kutengeneza silaha zake, zile kingamwili. Limfosite ikikutana na adui, inapita kwenye kitu kama shule ndani ya tezi, na huko jeni hiyo inabadilishwa kidogo kidogo ili silaha imlenge adui vizuri. Mabadiliko hayo ni ya kawaida, sisi wote tunayo. Kansere iliyoanzia kwa chembe iliyopita shule hiyo, yaani «muté», kwa kawaida inaenda polepole. Iliyoanzia kwa chembe ambayo haina alama ya shule, yaani «non muté», kwa kawaida inaenda haraka zaidi, na kisha dawa za kemo inarudi mapema. Vikundi viwili vya watafiti, kimoja Uingereza na kimoja Marekani, vilichapisha jambo hilo mwaka 1999. Mpaka uliowekwa ni asilimia 98: jeni ya mgonjwa ikifanana na ile ya asili kwa asilimia 98 ao zaidi, labo inaandika non muté.

Ukishuka mstari mmoja chini, unakuta TP53. Pale «muté» ndiyo habari mbaya na «non muté» ndiyo nzuri. Neno moja, karatasi moja, maana mbili zinazopingana, na hakuna alama yoyote pembeni. Mtuambie: nani angeelewa peke yake? Mwalimu wa sekondari? Wakili? Hata munganga asiyeshughulika na magonjwa ya damu anaweza kuteleza hapo. Kijana yule hakuwa na kosa. Kosa ni la mfumo unaochukua dola za watu na kurudisha kitendawili.

Halafu kuna zile «del». Del ni kipande cha kromozomi kilichopotea ndani ya chembe za kansere. Utafiti unaotajwa kila mahali ulifanyika Ujerumani na ukachapishwa mwaka 2000, kwa wagonjwa 325. Kati ya kila 100, 82 walikuwa na kasoro moja ao zaidi, kwa hiyo kuona «del» kwenye karatasi ni jambo la kawaida katika ugonjwa huu. Kasoro iliyoonekana zaidi ilikuwa 13q, kwa wagonjwa 55 kati ya 100. Na wale waliokuwa na 13q peke yake ndio walioishi muda mrefu kuliko wote: nusu yao walipita miezi 133. Kwa wale ambao hakuna kasoro iliyoonekana, katikati ilikuwa miezi 111. Ndiyo, mmesoma vizuri. Kupoteza kipande cha 13q peke yake kulikuwa afadhali kuliko karatasi yenye «normal». Kwa wenye del(11q) ilikuwa miezi 79. Kwa wenye del(17p), ambao walikuwa 7 kati ya 100, miezi 32.

Miezi 32 ndiyo namba inayozunguka kwenye simu na kuliza watu. Basi tuiangalie vizuri. Ni namba ya katikati. Chukua wagonjwa 11 wenye del(17p), wapange kwa mstari kufuatana na muda walioishi: miezi 32 ni ya yule wa sita. Watano waliishi chini ya hapo, watano waliishi zaidi, na kati ya hao kuna walioishi zaidi sana. Karatasi haisemi baba yako ni wa ngapi kwenye mstari. Tena wagonjwa wale walitibiwa na dawa za miaka ya 1990. Ukimuuliza dereva saa ngapi mpaka Uvira, atakuuliza kwanza unapita wapi, kwa Ngomo ao kwa upande wa Rwanda, na kama mvua imenyesha. Kwa 17p barabara imebadilika kabisa tangu 2014, tutarudi hapo.

Wanganga wanaita kazi hii ya kutabiri mwenendo wa ugonjwa pronostiki. Kwetu hapa, kwa bahati mbaya, neno hilo tunalijua kwenye kubeti mpira. Vijana wengi wanapita kila Jumamosi na karatasi ya pronostiki mfukoni, kwa hiyo mtu akisikia «pronostiki ya mama ni mbaya», anaelewa kwamba mechi imekwisha kupotezwa. Munganga alitaka kusema tu kwamba katika kundi la watu wenye alama hii, ugonjwa unaelekea kwenda haraka na inafaa kuchagua dawa kwa akili.

Kuna pia hesabu ya pointi, inayoitwa CLL-IPI, iliyochapishwa mwaka 2016. Inachukua vitu vitano. TP53 iliyoharibika ao del(17p) inapewa pointi 4. IGHV non muté, pointi 2. Protini moja ya damu, beta-2 mikroglobulini, ikipanda, pointi 2. Ugonjwa uliokwisha kusonga, pointi 1. Miaka zaidi ya 65, pointi 1. Mwenye pointi 0 ao 1 yuko kwenye hatari ndogo, mwenye 7 kwenda juu yuko kwenye hatari kubwa sana. Ni chombo kizuri. Lakini muangalie kilitengenezwa na nani: wagonjwa 3,472 waliokuwa kwenye majaribio ya dawa Ufaransa, Ujerumani, Uingereza, Poland na Marekani. Hakuna inchi hata moja ya Afrika. Mama wa Walungu mwenye miaka 48, aliyeugua malaria mara nyingi, ambaye kituo cha afya chake kinakosa antibiotiki, hayumo ndani ya hesabu hiyo. Na madaktari waliofanya kazi katika Afrika ya kitropiki waliandika tangu zamani kwamba huku LLC inaonekana pia kwa watu wasio wazee, wanawake wakiwemo kwa wingi, wakati Ulaya ni ugonjwa wa wazee hasa.

Hatusemi kwamba kipimo ni cha wazungu, tukitupe. TP53 inafanya kazi ile ile Panzi na Heidelberg. Tunasema kwamba alama ya hatari inasafiri, lakini miezi na miaka iliyoandikwa pembeni yake haisafiri kirahisi hivyo, juu imechanganya jeni na hali ya hospitali za huko.

Jambo lingine linatuumiza, na hapa tunaomba wazazi watusikilize. Karatasi ikisema «jeni», mtaa unasikia «ukoo». Tunasikia wasichana wakiulizwa kama kwao kuna kansere ya jeni kabla ya mambo ya mahari kuendelea, na wengine wanaongeza maneno ya ulozi juu yake. Mabadiliko tunayozungumzia, 13q, 17p, TP53, IGHV, yametokea ndani ya chembe za damu za mgonjwa katika maisha yake. Hayako kwenye mbegu ya baba wala kwenye yai la mama, na hayapitishwi kwa mtoto. Ni kweli kwamba ndugu wa damu wa mgonjwa wa LLC wana hatari kubwa zaidi kuliko watu wengine, lakini ugonjwa ni wa nadra, na wengi sana kati yao hawataupata kamwe. Hakuna sababu ya kuvunja uchumba. Wala hauambukizi: kula naye, lala naye, mpe mtoto ambebe.

Sasa, ni lini inafaa kupima? Swali hili ndilo lenye pesa ndani.

Mtu akigunduliwa na LLC mapema, bila homa, bila kukonda, bila upungufu wa damu, kazi ya kwanza ni kumfuatilia. Kutompa dawa hapo ndiko kutibu vizuri, ijapo familia inaona kama amekataliwa. Ufaransa walijaribu, na mwaka 1998 walichapisha matokeo kwa zaidi ya wagonjwa 1,500 wa hatua ya kwanza: kuwapa klorambusili mapema hakukurefusha maisha yao kuliko kungoja. Basi kama dawa haianzi leo, karatasi ya TP53 leo haibadilishi kitu kwenye matibabu. Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2018 inasema wazi kwamba TP53 na del(17p) vipimwe kabla ya kuanza dawa, na virudiwe kabla ya kila dawa mpya, kwa sababu chembe za kansere zinabadilika na jibu la zamani linaweza kuwa limechakaa. IGHV haibadiliki, inapimwa mara moja tu. Familia iliyouza parsele kupima TP53 mwaka wa kwanza italazimika kuipima tena siku dawa itakapohitajika. Na siku hiyo parsele haipo tena.

Wakati wa kungoja, mikono ya munganga na kipimo cha damu cha kawaida vinasema mengi. Kipimo cha Binet, cha mwaka 1981, kinaangalia sehemu tano: shingo, kwapa, mapaja kwenye kinena, bandama na ini. Chini ya sehemu tatu zilizovimba, na damu ikiwa nzuri, ni hatua A. Tatu ao zaidi, ni hatua B. Himoglobini ikishuka chini ya gramu 10 ao chembe za kugandisha damu zikishuka chini ya 100,000, ni hatua C. Hakuna mashine ya jeni hapo. Kinachohitajika ni munganga anayegusa mgonjwa vizuri na labo inayohesabu chembe bila kubahatisha. Hivyo vinaweza kupatikana Bukavu, na vinapaswa kupatikana hata Shabunda.

Lakini kwetu kuna mtego ambao vitabu vya Ulaya havina. Bandama kubwa inaweza kuwa ya malaria ya muda mrefu. Himoglobini ya chini inaweza kuwa njaa, minyoo ao malaria hiyo hiyo. Mgonjwa akipanda kutoka Kamituga, Shabunda ao uwanda wa Ruzizi, mahali ambapo mbu hawapumziki, anaweza kuonekana hatua C kumbe LLC yake bado ndogo. Na kinyume chake pia: mtu anatibiwa «bandama ya malaria» miaka miwili kumbe ni kansere. Huko Ghana watafiti walilichunguza jambo hili na mwaka 1991 walionyesha, kwa kuangalia jeni za limfosite, kwamba kati ya watu walioitwa wenye bandama ya malaria kulikuwa na wengine ambao chembe zao zilikuwa zinazaana kama uzao mmoja, kama kansere. Kwa hiyo kabla ya mtu kutamka neno la hatua ao la miezi, malaria itibiwe, minyoo itibiwe, damu ipimwe tena. Hata ugonjwa wenyewe hauthibitishwi kwa kipimo kimoja: inatakiwa limfosite B zipite 5,000 kwa mikrolita na zibaki juu kwa miezi mitatu, na aina yake itambuliwe kwa mashine inayosoma alama juu ya chembe. Kanuni ya mashine hiyo ni ile ile iliyotumika kuhesabu CD4 za wagonjwa wa UKIMWI, hiyo si sayansi ya kutoka mwezini.

Tulisema tutarudi kwenye 17p. Jeni TP53 iko kwenye kipande hicho cha kromozomi ya 17. Ni mlinzi. Chembe ikiharibika, mlinzi huyo anaiamuru ijiue. Dawa za kemo za zamani, klorambusili na fludarabini, zinategemea mlinzi huyo: zinaharibu chembe ya kansere, kisha zinangoja TP53 iamuru kifo. Mlinzi akiwa hayupo, amri haitoki. Mgonjwa anateseka na dawa, anatapika, kinga yake inashuka, na kansere inabaki. Hii ndiyo sababu kubwa ya kupima: kumkinga mgonjwa na dawa isiyomfaa. Dawa mpya kama ibrutinibu na venetoklaksi zinapita njia nyingine. Ibrutinibu ilikubaliwa Marekani kwa LLC mwaka 2014, ikiwemo kwa wenye 17p, na venetoklaksi ikafuata mwaka 2016. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani, OMS, liliingiza ibrutinibu kwenye orodha ya dawa muhimu.

Dawa muhimu, wanasema. Muhimu kwa nani? Mgonjwa wa Bukavu akiambiwa «una del(17p), kemo haitakusaidia, unahitaji ibrutinibu», halafu ibrutinibu haionekani kwenye famasi ya hospitali yoyote ya serkali ya jimbo, hapo tumempa nini? Tumemnyang'anya dawa ya zamani na hatukumpa mpya. Kipimo ambacho hakina dawa nyuma yake kinabakiza hofu. Kwa LMC mambo yalienda vizuri zaidi kwa sababu kipimo cha BCR-ABL kilikuwa mlango: ukikipita, dawa iko upande wa pili. Sisi tunataka mlango wa namna hiyo kwa LLC.

Na tusidanganywe kwamba sayansi ya jeni ni kitu kisichowezekana hapa. Mwishoni mwa 2023, mpox ilipoanza kushika watu Kamituga, sampuli zilisafirishwa, jeni za virusi zilisomwa, na watafiti wa INRB na wenzao wakatambua aina mpya, 1b. Tarehe 14 Agosti 2024 OMS ikatangaza dharura ya dunia. Jeni za virusi vya Kamituga zilisomwa herufi kwa herufi, kwa sababu dunia iliogopa vitapanda ndege. Kansere ya mama wa Kamituga haipandi ndege, haimuogopeshi mtu Geneva, basi inangoja. Mashine za GeneXpert zinazopima kifua kikuu katika inchi yetu zina katriji ya BCR-ABL pia. Kinachokosekana ni mtu wa kuamua kuinunua. TP53 inahitaji zaidi ya hapo, tunakubali. Lakini mji uliofungua hospitali ya Panzi mwaka 1999, na ambao munganga wake Denis Mukwege alipewa Nobeli ya Amani mwaka 2018, hauwezi kuambiwa kwamba kujifunza kusoma karatasi moja ni juu ya nguvu zake.

Tunajua hali. Tangu vita ilipoingia mji wetu Februari 2025, safari za ndege za Kavumu kwenda Kinshasa zilikatika, mabenki yalifunga milango, na damu inayotakiwa kufika labo ndani ya siku chache inangoja kwenye mpaka ndani ya glasieri ya samaki. Chembe zikikaa kwenye joto zinakufa na kipimo cha kromozomi kinaharibika. Familia inalipa mara ya pili. Kifungu cha 47 cha Katiba kinadhamini haki ya afya, na hakina mstari unaosema «isipokuwa wakati wa vita». Yeyote anayekusanya kodi Bukavu leo, na serkali ya Kinshasa inayosema sisi ni wananchi wake, wote wawili tunawauliza.

Kwa Divizyo ya Afya ya Jimbo na kwa hospitali zote, za serkali na za makanisa: bei ya kila kipimo kinachotumwa nje ibandikwe ukutani, pamoja na jina la labo inayopokea na siku za kungoja. Damu isichukuliwe kabla ya familia kuambiwa jibu litabadilisha nini kwenye matibabu. Kama halibadilishi kitu kwa sasa, waambiwe hivyo, na pesa yao ibaki kwa chakula na kwa kutibu homa za mapafu, ambazo ndizo zinazoua wagonjwa hawa mapema.

Jibu litolewe mkononi, na munganga akiwa amekaa, kwa Kiswahili, ao kwa Mashi, Kilega, Kifuliru ama lugha anayoielewa mgonjwa. Ukurasa mmoja wa maelezo utoshe: kipimo hiki kinaitwaje, neno hili hapa ni zuri ao baya, ni la kurithi ao hapana, tunafanya nini sasa, urudi lini. Vyuo vya UCB na UEA na ISTM vina wanafunzi wanaoweza kuandika ukurasa huo ndani ya muhula mmoja. Hauhitaji mfadhili.

Kwa Wizara ya Afya: ibrutinibu iingie kwenye orodha ya dawa ambazo serkali inanunua, kwa bei ya pamoja na inchi jirani kama inawezekana. India na Bangladesh zinatengeneza ya bei ya chini. Tusiache wagonjwa wakaitafute kwenye mizigo ya wafanyabiashara, bila kujua ndani ya kidonge kuna nini. Mwaka 2001 kule Abuja marais waliahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Wabunge wa Kivu ya Kusini watuambie mwaka huu wameomba ngapi.

Na kwenu familia, mpaka hayo yafike. Karatasi ikiingia kwenye simu, usiitume kwenye kundi kabla munganga hajaisoma. Uliza: je, ni LLC kweli, imethibitishwa kwa nini? Je, dawa inatakiwa kuanza sasa, ao tunafuatilia tu? TP53 imepimwa kabla ya kemo? Mtu akikutajia miezi, muulize namba hiyo imetoka kwa wagonjwa wa mwaka gani na walikunywa dawa gani. Mgonjwa akipata homa, msingoje asubuhi. Wenye karatasi ambazo hakuna aliyewaeleza, waandikie ukurasa huu, bila jina la mgonjwa. Tunakusanya maswali yenu na tutayapeleka Divizyo ya Afya kwa maandishi, na majibu watakayotoa tutayaweka hapa hapa, kama yatakuja na kama hayatakuja.